Dozi Moja kwa Watu wa Ait Umzil

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye amemtuma mwakilishi wake, Mheshimiwa Mwakilishi huyo wa Mwakilishi, masharifu, wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati za kufuatilia kamati, nanyi wananchi wa Ait Umzil mlioketi chini kwa sababu viti vina wenyewe: amani iwe juu yenu. (Makofi ya safu ya mbele.)

Mimi, Bwana Abdelmoula Zerhouni, Mratibu Mkuu wa Mkakati wa Utulivu wa Akili Milimani, nimepanda barabara hii kwa saa nne ili nifungue kituo ambacho, tangu ardhi itetemeke miezi kumi na minne iliyopita, nimekijadili katika warsha tisa, kwa maana ukuta uliobomoka hupimwa kwa mita, lakini ubongo uliobomoka hauna mkandarasi.

Wataalamu wametueleza, nasi tumeelewa kwa asilimia sabini na mbili, kwamba hofu kuu huupogoa ubongo kama mnavyopogoa milozi yenu: chembe za sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kuiamuru hofu itulie, hupoteza vijitawi vyake, na hofu hubaki bila msimamizi. Dawa za zamani huchukua wiki nyingi kuleta nafuu. Hii mpya ni dozi moja ya sindano, na ndani ya siku moja vijitawi vinaanza kuchipua. Siku moja, wananchi. Ofisi yangu haijawahi kufanya jambo lolote kwa siku moja. (Vicheko. Msemaji anainama kwa shukrani.)

(Lalla Ijja, mke wa Ba Lahsen, anasimama: "Mwanangu, mume wangu hajaingia chini ya paa tangu siku ile. Mwaka jana theluji ilimkuta uani, ikala vidole vyake viwili vya mguu. Theluji hiyo inakuja tena. Atadungwa leo?")

Swali zuri sana, mama, nalo limo katika ukurasa wa kumi na tisa. Sasa tuko wa tatu. Matokeo yanatia moyo: kati ya wanufaika mia moja na ishirini, tisini na sita walirudishwa katika vyumba vilevile walimotishwa, wakaingia bila kuganda kwa hofu, wakala, wakalala, na baadhi yao wakaongeza familia.

("Ni wa kijiji gani hao, nikawaulize?")

Ni panya, mama. (Sauti ya mzee: "Basi waleteni. Watufundishe kuingia ndani.") Panya wa maabara, narudia, wenye nidhamu, ambao hawakudaiwa cheti cha makazi. Ninyi mtakiambatisha kwenye ombi lenu la dozi, kithibitishe kwamba mnaishi ndani ya nyumba mnayoogopa kuingia.

Nikisema "Hofu", semeni "Kwisha". Hofu. (Safu ya mbele: "Kwisha.")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru dereva wangu, aliyekubali kuvaa koti jeupe la daktari. Namshukuru daktari wa mifugo kwa kutuazima chupa hizi za maonyesho, ambazo zirudi kabla ya adhuhuri kwa kuwa kuna nyumbu wa mizigo anayesubiri kushonwa paja. Namshukuru seremala kwa mlango huu na fremu yake, tuliousimamisha hapa nyuma yangu kwa matarajio ya jengo. Utepe umekatwa, mgonjwa wa kwanza aingie.

(Ba Lahsen anauzunguka mlango, anatazama juu, anaona mawingu tu. Anarudi mbele, anavua kofia, anapita mlangoni taratibu. Wanawake wanapiga vigelegele.)

Mmeshuhudia wenyewe. Mgonjwa mmoja, amepona mmoja: asilimia mia. Katibu, andika kwamba ameingia. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Lalla Ijja: "Andika vizuri, mwanangu. Bado yuko nje.")