Kidude cha Kunusa Uongo

Gentil wa Kasha hakualikwa kwenye harusi ile ya Bagira, lakini kutoalikwa hakukuwahi kumzuia kula. Kila Jumamosi alivaa koti lake la rangi ya maziwa, akaingia katika ukumbi wowote wenye muziki, akaketi karibu na meza ya familia. Kwa kuwa alipendeza kuliko bwana harusi, hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye ni wa upande gani. Wa kwa bwana walidhani ni wa kwa bibi, na wa kwa bibi walimshukuru Mungu kwamba wakwe zao wana angalau mtu mmoja wa maana.

Alikuwa katikati ya sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga alipomwona msichana aliyevaa gauni lisilo na mikono. Nyuma ya mkono wake wa kushoto, chini ya bega, palikuwa na kidude cheupe cha mviringo, kama kifuniko cha chupa ya soda, kimegandishwa kwenye ngozi. Kiunoni alichomeka mashine ndogo yenye kioo, na humo ulitoka mrija mwembamba ulioingia ndani ya nguo. Kabla ya kugusa bugali lake alitazama mashine, akafikiri kidogo, akabonyeza, ndipo akanawa mikono.

Gentil hakujua kidude kile ni nini. Lakini aliona kitu kingine, na kuona vitu vya namna hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: mzee wa meza ya pili alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa Papa Stanislas, mwenye depo la saruji na mabati kule Nyawera, mtu aliyemshuku karani wake, akamshuku mlinzi wake, akaajiri mlinzi wa kumlinda mlinzi, kisha akamshuku na huyo. Inasemekana aliwahi kumwapisha mke wake juu ya rozari kwa sababu ya samaki mmoja aliyepungua kwenye sufuria.

Papa Stanislas alimwinamia jirani yake mwenye koti zuri.

"Mwanangu, ile kitu iko ku mukono ya ule binti, inatumikaka nini?"

Mtu mwaminifu angesema hajui. Gentil alimeza samaki wake polepole, kama mtu aliyeombwa siri ya serikali, akashusha sauti. Alisema msichana yule anashika pesa za shirika kubwa la wazungu, na wazungu wenyewe hawamruhusu aingie mkutanoni bila kifaa kile. Damu ya mtu, alieleza, husikia uongo kabla ya kichwa. Ukidanganywa, damu inachemka kidogo bila wewe kujua. Kidude kinaisoma, mashine inatoa namba. Namba ikipanda, basi anayesema mbele yako anakutapeli.

Papa Stanislas aliweka uma chini. Aliuliza kama kifaa hicho kinapatikana.

"Ku batu bote hapana, papa," alisema Gentil. "Lakini miye njo ingénieur wa hii mambo."

Na kwa maneno hayo akawa mhandisi. Kilichobaki ni kujua ni mhandisi wa nini, kwa hiyo alibeba sahani yake na kuhamia meza ya yule msichana.

Jina lake lilikuwa Laurette, mwalimu wa jiografia, na alishazoea kuulizwa. Alimweleza bila aibu kwamba alipokuwa na miaka tisa mwili wake uliacha kutengeneza insulini, na haujarudi kazini tangu siku hiyo. Bila insulini, sukari ya chakula inabaki kwenye damu, na mtu anakonda na kukauka kwa kiu mpaka anakufa. Mashine ya kiunoni ni pampu: inamdondoshea insulini chini ya ngozi mchana na usiku, na akitaka kula anaiambia iongeze. Kidude cha mkononi ni kihisi. Hayo ndiyo macho ya pampu. Kinapima sukari kila baada ya dakika chache, kinaiambia pampu, na sukari ikishuka sana akiwa amelala kinapiga kelele mpaka aamke. Kihisi kimoja kinaishi majuma mawili, kisha kinatupwa. Mjini Bukavu hakuna anayeviuza. Shangazi yake Adèle humtumia kutoka Brussels kupitia Kigali, na hata sasa boksi zima liko kwa msafiri mmoja ng'ambo ya mto Ruzizi, mpakani, ila yeye hajapata siku ya kuvuka kulichukua.

Gentil aliguswa sana. Alisema ana ndugu mpakani, na kwamba mwalimu wa watoto wa nchi hii hapaswi kusimama juani kwenye foleni. Laurette aliandika ujumbe kwa yule msafiri hapo hapo mezani.

Tusimseme Gentil vibaya kupita kiasi. Alipovuka daraja kurudi na boksi kwapani, alikusudia kwa moyo safi kutoa kihisi kimoja tu na kupeleka vingine kwa mwenyewe. Lakini boksi lilipofika nyumbani kwake Kasha lilijiingiza chini ya kitanda, na Gentil hakutaka kulisumbua. Alimpigia Laurette simu kwa sauti ya huzuni: watu wa forodha wamelizuia, ndugu yake anapigana nao.

Papa Stanislas alimpokea ofisini mwa depo mlango ukiwa umefungwa. Gentil alimkomelea kihisi mkononi, akaingiza programu katika simu ya mzee kama karatasi ya ndani ya boksi ilivyoelekeza, kisha akasema kifaa kinahitaji muda wa kumzoea mwenye damu, na kwamba kinapenda mtu anywe Fanta mbili, baridi. Fanta ziliposhuka, alishauri waite mtu yeyote kwa majaribio. Akaitwa karani, Cédric, kijana mwenye watoto wawili ambaye hajawahi kuiba hata kalamu. Mzee alimuuliza nani amechukua misumari ya mwezi uliopita. Cédric alisema hajui. Kwenye simu namba ilikuwa inapanda ngazi, na pembeni yake mshale ukielekea juu.

Papa Stanislas alipiga makofi. Hakuna mtu aliyewahi kufurahi kiasi hicho kwa kugundua kwamba anaibiwa.

Malipo yalikuwa ya vitu. Nyumba ya Gentil kule Kasha ilikuwa na kuta nzuri lakini sebule yake ilitazamana na mbingu, basi mzee alimpa mabati mapya ya nyumba nzima, na saruji juu yake.

Kuanzia hapo biashara ya Nyawera ikawa na hali ya hewa yake. Asubuhi, mzee akiwa hajala, kila mtu alikuwa mkweli. Mdaiwa sugu mmoja wa Nguba alibahatika kufika kabla ya chai, akaapa mbele ya simu, namba ikalala kimya, akaondoka na gari zima la saruji kwa mkopo, hakuonekana tena. Baada ya bugali la mchana, mji wote uligeuka wezi. Padri aliyekuja saa saba kuomba msaada wa paa la kanisa alionyeshwa namba, kisha akaonyeshwa mlango. Cédric alikatwa mshahara kila siku aliposalimia baada ya chakula.

Huyo Cédric alikuwa binamu yake Laurette, jambo ambalo Gentil hakulijua, na halikumpitia akilini kuuliza. Jumapili moja familia ilipokutana Nyantende kwa bibi yao, Cédric alilalamika.

"Patron alijiwekeaka bouton ku mukono, sawa ile yako," alisema. "Anasema inanusaka uongo."

Laurette aliacha kumenya viazi. Vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano, maana alishamaliza vihisi, na pampu yake ilikuwa ikifanya kazi kama kipofu. Alikuwa akijitegea saa ya kengele ili aamke ajipime. Asubuhi moja kengele haikutosha. Mama yake alimkuta ameanguka jikoni, sukari imeshuka, akamtia asali mdomoni huku akilia na kusali pamoja.

Aliuliza jina la aliyemletea mzee kidude hicho. Alipoambiwa, akaendelea kumenya. Alikuwa mwalimu wa siku nyingi, na mwanafunzi anayeiba majibu alimwacha kwanza amalize kuandika.

Siku chache baadaye Gentil alipigiwa simu yenye sauti ya asali. Laurette hakutaja boksi. Alisema amesikia kuhusu vifaa, hana kinyongo, mjini watu wanauza mabaya zaidi. Yeye anajua maneno ya kidaktari, Gentil ana mdomo. Kwa nini wasishirikiane? Tatizo ni moja tu: wateja wataanza kujiuliza kwa nini mhandisi mwenyewe havai. Aje nacho kimoja, amvalishe.

Gentil aliona ni akili. Alifika Bagira na kihisi alichosema amekipata kwa rafiki wa Uvira. Laurette alimkomelea vizuri, akamkaribisha soda, wakapiga stori wakati kifaa kinaamka. Kisha akasogeza simu yake karibu na mkono wa Gentil, akatazama kioo. Tabasamu likafutika usoni. Akatazama tena, akaifunika simu mezani.

Gentil aliuliza kuna nini. Laurette akasema hakuna kitu, anywe soda. Halafu akamwondolea ile soda.

Alipobembelezwa sana ndipo akageuza simu. Namba ilisema quatre cent douze, mia nne na kumi na mbili, na mishale miwili ilielekea juu. Gentil alizifahamu namba za Papa Stanislas. Hata siku mzee alipokula bugali la watu wawili hakufika mia tatu.

"Unasikiaka kiu?" aliuliza Laurette taratibu. "Unaamukaka usiku juu ya kukojoa? Macho inaonaka muzuri?"

Kiu ilimshika hapo hapo. Aliamka usiku, ndiyo, hasa siku za bia. Na kwa kweli picha ya Moyo Mtakatifu ukutani ilikuwa na ukungu kidogo. Mtu huyu aliyekuwa amedanganya nusu ya Bukavu hakukumbuka kuuliza swali hata moja.

Laurette alimpa masharti: asijichome kitu chochote, asinywe dawa ya mtu yeyote, aache soda na bia, ale mboga, na juma linalofuata amwone daktari wake atakaporudi kutoka safari. Pampu anayo nyingine, ile yake ya kwanza, na angempa leo hii. Ila yeye mwenyewe ana shida, boksi lake bado limezuiwa forodhani.

Gentil alisema anahisi ndugu yake amelitoa asubuhi hii. Alikwenda Kasha na kurudi kwa pikipiki, na boksi likawa mezani, likiwa na vumbi la chini ya kitanda, na limepungua viwili tu. Kuhusu pampu, Laurette alisema kwa kuwa ni ya zamani ilipelekwa kurekebishwa, fundi wake yuko Nyantende, na hapokei pesa, anajenga. Basi Gentil alikodi Fuso mwenyewe, akapakia mabati yote pamoja na saruji, akapeleka hadi uwanjani kwa bibi wa Laurette, akasaidia kushusha. Bibi alimbariki kwa Kimashi kwa muda mrefu.

Alirudi na pampu mkandani. Aliambiwa asiiguse mpaka daktari atakapounganisha mrija. Aliishi kwa mboga tu, sombe la majani ya muhogo na kabeji. Alitembea kwa uangalifu, kama aliyebeba mayai. Kila alipofumba macho alifikiri hatayafumbua, akakaa akisikiliza moyo wake. Alimrudishia Maman Bintu wa Kadutu redio aliyokuwa "anaitengeneza" tangu enzi, na Maman Bintu aliogopa kuipokea, akidhani ni mtego.

Wakati huohuo kihisi cha Papa Stanislas kilifika mwisho wake, na Cédric, kwa ushauri wa binamu yake, alimwomba mzee apeleke simu kwa daktari, kwa kuwa hata kabla ya chai namba zake zilikuwa juu mno kwa mtu mzima mwenye afya. Daktari alimpima na kukuta kweli ana sukari, ile inayowaingia wazee taratibu, bado haijagusa macho wala figo. Papa Stanislas alitoka pale akimsifu mhandisi Gentil kuwa ni mkono wa Mungu, akamrudishia Cédric mshahara wake, na akaagiza misa ya shukrani kwa padri yule yule. Kwa hiyo uongo wa Gentil uliokoa mtu, na Gentil alipopata habari hakuona faida yoyote humo.

Siku ya daktari ilifika. Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akasema quatre-vingt-dix, yaani tisini. Gentil aliomba arudie. Akarudia, ikawa vilevile. Sukari ya kijana mwenye afya njema. Kisha muuguzi aliiomba ile pampu, akaifungua. Haikuwa na betri. Ndani ya kichupa cha dawa mlikuwa na maji. Alisema mashine ya namna hiyo imekufa zamani, na akageukia dirishani ili acheke kwa adabu.

Gentil alipanda kwenda Bagira kwa miguu, hasira ikimsukuma mgongoni. Alimkuta Laurette barazani, kihisi kipya mkononi.

"Ile namba ilikuwa ya nani?"

"Yangu," alisema Laurette. "Mwaka jana, siku mrija iliziba. Nilipigaka foto yake juu ya kuonyesha docteur."

Gentil alisema mengi. Kwamba angeweza kufa kwa woga. Kwamba amekonda, suruali inamvuka. Kwamba hajalala, kwa kuwa kila usingizi ulimjia kama shimo, na hakuna wa kumwamsha. Laurette alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia magotini.

"Njo vile nilikuwa nalala," alisema, "wakati boksi yangu iko chini ya kitanda yako."

Gentil alifungua mdomo. Ni mdomo uliokuwa umeuza kiwanja cha watu kwa watu wengine, na uliokula harusi zote za kaskazini ya mji. Uliangalia huku na huku ndani yake, haukukuta kitu, ukafungwa.

Laurette aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa, akatia sukari vijiko vitatu mbele ya macho yake na kumkabidhi. Gentil alisita, kwa mazoea tu. Kisha akanywa, mpaka punje za chini, akauliza kama imebaki nyingine.

Laurette akamwongezea.