Suspension ya Salon

Butembo, Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa sita 2001

Jephté ametia harage ndani ya pua sasa hivi. Nilivuta na kidole, likaingia zaidi. Nikamupulizia mudomoni, likaruka mpaka kwa ukuta. Alicheka, mwana wa roho yangu. Hata yeye anajua: maharage hayapashwe kukaa na batu. Lakini baba yake, Hippolyte, anataka chumba chetu kipya kikuwe depo ya maharage. Mimi nataka salon, chumba cha kupokea bageni. Mbele ya kwenda Beni na camion yake ya mizigo, alisema: nikitia taa ya kweli mbele hajarudi, ni salon. Kama hapana, ni magunia.

Jirani Solange ana lustre, taa kubwa ya vioo vingi. Courant, umeme, hakuna Butembo. Lustre yake inakamata vumbi tu, lakini inakamata vizuri.

Jumanne, tarehe 5

Madame Gaëlle, bibi ya mwalimu aliyetoka Kinshasa, anasema kwao salon ya heshima haina lustre tena. Ni suspension. Sikuuliza iko namna gani. Hapana kujionyesha mushamba bure. Nilikimbia kwa Mbusa, anayeleta mali toka Kampala. Nikamuambia: suspension moja, kubwa. Aliuliza, mama Jephté, ya mbele ao ya nyuma? Nikamujibu ya mbele, ni ya kupokea bageni. Aliniangalia sana. Nafikiri ni heshima.

Jumatatu, tarehe 11

Suspension imefika. Batu babili baliibeba. Vyuma vinene, vimepinda, vimelaliana kama chapati, na mafuta nyeusi juu. Solange alikuja mbio. Mama Jephté, akasema, hii ni mugongo ya camion, camion yenyewe iko wapi? Nikamujibu hii njo mode, mtindo wa Kinshasa. Kasonia, maçon aliyejenga chumba, amekataa kuitundika. Anasema paa itaifuata chini.

Gaëlle alicheka mpaka akakaa. Kumbe yake ni taa ya kuning'inia, na ile inayobeba gari juu ya magurudumu ni jina lile lile. Kosa ni ya Bafaransa.

Nimeifunika na kitambaa cha kroshe.

Alhamisi, tarehe 14

Hippolyte amefika bila camion. Imelala Mavivi, karibu na Beni, suspension imevunjika, maharage yote juu yake, askari banaizunguka. Aliinua kitambaa, akapiga magoti. Aliuliza nilijua namna gani. Nikasema mwanamuke anawaza bwana yake. Si bongo sana, ni uongo kidogo tu.

Amerudi Mavivi na suspension yangu. Akiwa mulangoni alikumbuka taa. Anarudi Jumapili na magunia, na neno lake ni lile lile.

Jumamosi, tarehe 16

Sasa nimepata akili. Nimetoboa sahani ya émail, ile ya bati ya rangi nyeupe, nitaipindua, itakuwa taa kamili. Inabakia tu douille, kile kikombe cha kushika ampoule, balbu ya taa. Kwa Mbusa sirudi tena, Kifaransa kinamushinda. Nimemuomba Ananie, askari wa barrière ya barabara hapa karibu. Alicheka sana. Mama, douille moja tu? Zinatoka kwa bunduki zetu, zinaanguka chini kila mara tunapiga masasi, ni kuokota tu. Sikujua vita inatumia taa nyingi vile. Ataniletea kopo nzima. Mutu muzuri.

Basi salon imepatikana. Moja itakuwa ya bageni, moja ya kitanda cha Jephté, zingine nitagawia Solange, nione uso wake. Vita itaisha, courant itakuja, itukute tayari. Ananie anaita inje, mama Jephté kuja kuona, na kopo yake inalia kama kengele, ngoja niende nikazipokee.