Simu ya Mama Mkwe, Chaji Asilimia Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kalalamika mezani kwamba simu yake inajivuta. Nikadakia: niachie mimi, Mama! Mwanyumba akakohoa. Huyu kamuoa dada mkubwa wa mke wangu, na kila kitu anajua yeye. Akaniambia nijaze chaji kwanza ndipo nisasishe, vitu vyote nivinakili pembeni, na nikifuta nifute kache tu, yale mabaki ya muda, data yenyewe nisiiguse. Maneno mengi! Mke wangu akaninong'oneza kwamba humo ndimo ilimo sauti ya marehemu baba yake, na mama huisikiliza kila asubuhi. Nikamwambia aondoe shaka.

Jumanne, 4 Machi
Yamenikuta! Simu ikasema nafasi haitoshi. Nikafungua mipangilio ya kinasa sauti. Vitufe viwili: futa kache, futa data. Nikaona kubonyeza kimoja ni uvivu. Nikabonyeza vyote. Kisha nikaanza kusasisha, chaji asilimia kumi na moja. Ikafika nusu, ikazima. Kioo cheusi tii! Simu nimeificha kwenye ndoo ya sabuni ya unga.

Jumatano, 5 Machi
Saa moja asubuhi, hodi! Mama mkwe kafuata simu yake. Nikajifungia chooni. Mke akamwambia naumwa tumbo, na wala hakudanganya. Nikamsikia mama akisema kwa upole kwamba siku haimwanzii vizuri asipomsikia mzee wake. Laiti angefoka! Naogopa, naogopa kwelikweli. Jioni nikampelekea mwanyumba ile simu. Hakunicheka hata kidogo, mtu mbaya yule!

Alhamisi, 6 Machi
Simu imechajiwa, imewaka. Kinasa sauti kitupu. Nikakaa chini sakafuni. Mwanyumba akasema sauti ile aliinakili kwenye kompyuta yake tangu mwezi uliopita, akairudisha. Mama akaiwasha mbele yetu sote, machozi yanamlengalenga. Marehemu akamkumbusha anywe dawa, afunge dirisha, na yule mkwe mdogo asiiguse redio yake.
Wote wakanigeukia.

Jumamosi, 8 Machi
Runinga ya mama mkwe imeandika kuna sasisho jipya. Umeme unakatikakatika tangu asubuhi, na mwanyumba kasafiri. Bahati iliyoje! Nimemwambia mama akapumzike, aniachie mimi.
Marehemu alikataza redio tu.