Mkono wa Kilo Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Plasta imetolewa! Wiki sita tangu boneti ya lori iniangukie mkono wa kulia. Mjomba, mwenye gereji, kasema nikapimwe nguvu kliniki. Karatasi ikisema niko sawa, nirudi kazini. Haraka ya nini? Mkewe ananikatia nyama, ananifulia, ananiita mgonjwa wangu. Wiki mbili zaidi hazimuui mtu. Mpango: kesho nafinya kilegevu. Kuigiza nimezaliwa nako.

Jumanne, 4 Machi
Chombo chenyewe ni mpini wa chuma wenye uso kama wa saa. Unafinya, mshale unataja kilo. Anayepima ni dada mmoja, mpole wa sura tu. Nikafinya kidogo, nikagumia sana. Tisa. Akasogeza mpini uwe mpana zaidi. Tisa. Nafasi zote tano za mpini, tisa tupu! Nilikaribia kujipigia makofi.

Dada akauliza mkono wangu umesomea hesabu wapi. Kumbe mkono mkweli, hata mgonjwa, unakuwa dhaifu mpini ukiwa mwembamba, dhaifu ukiwa mpana, na nguvu katikati. Ukichorwa ni kilima. Wangu uwanja wa mpira! Akaandika: hajajitahidi, arudi Alhamisi. Chuma kina umbea, sikujua.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba kaisoma karatasi kwa sauti, mezani. Mkewe akanisukumia kisu, akasema haya, baba, jikatie. Mjomba akaongeza: kesho nisipoleta karatasi safi, nafasi yangu anapewa mwanawe, Spana. Spana! Binamu yangu ambaye juzi tu kafungua nati kwa kuikaza! Mimi ninayetambua injini mbovu kwa kunusa!

Mpango mpya: nguvu. Nimebana vibanio vya nguo kutwa, mia mbili kila kidole. Jioni nguo zote ziko chini kwenye matope, na mke wa mjomba anauliza nani kavilegeza vibanio vyake. Nimesema upepo.

Alhamisi, 6 Machi
Mkono umevimba kama glavu iliyojaa maji. Nimefinya kwa roho yote, mpaka meno yameuma. Sita katikati, tatu pembeni. Akanipa kidude kingine kidogo cha kubana kwa kidole gumba na cha shahada. Kilo moja, na machozi. Dada akachora, akasema hongera, hiki sasa ni kilima. Kidogo, lakini cha kweli. Wiki nne, marufuku kushika spana. Nikamsihi aniandikie tu zile tisa za Jumanne. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Ijumaa, 7 Machi
Spana kavaa ovaroli langu. Mjomba anamwita fundi. Fundi! Mimi miaka mitatu naitwa wewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimegundua kosa langu: nilipeleka mkono wa kulia. Wa kushoto ni mzima kabisa! Jumatatu naenda kliniki nyingine, ya ng'ambo ya barabara. Hawanijui. Nitaufunga bendeji huo wa kushoto, nitasema ndio ulioumia, watapima, kilo arobaini, karatasi safi, kazi yangu mkononi. Akili hizi hazifundishwi shule, ndiyo maana niliacha.

Tatizo ni kwamba bendeji haifungiki kwa mkono uliovimba. Nikamwita Spana. Nimemweleza mpango wote, hatua kwa hatua, ili aifunge vizuri. Kafunga vizuri mno, tena kaapa hatamwambia mtu. Kisha katoka mbio kuelekea gereji kwa baba yake, anacheka peke yake.

Kijana kaipenda kazi kweli. Nitamwonea huruma nikimnyang'anya.