Baiskeli Iliyomeza Ufunguo

Jumatatu, 10 Machi

Mvua! Siku mia moja na kumi na saba bila tone, nimezihesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili, na leo asubuhi imerudi. Ikanikuta wapi? Juu ya baiskeli, katikati ya mteremko wa kiwanda cha matofali. Ilikuwa na siku nzima ya kuchagua.

Nimegundua jambo la kisayansi: breki za raba zikilowa hupiga kelele tu, hazisimamishi kitu. Nikapita geti. Nikampita mlinzi, nikamwamkia nikiwa mwendoni (adabu kwanza). Nikasimamishwa na bustani ya mwalimu mkuu.

Mgongoni, mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Nakiri ni matunda ya mradi wangu wa Januari, nilipofungua madigadi yote mawili, yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu, ili baiskeli iwe nyepesi. Mvua haipo, madigadi ya nini? Nikaokoa dakika mbili kila safari. Leo nimezirudisha zote bombani, nikijisugua.

Lakini mkono haukutakata vizuri. Mwalimu wa maktaba akaona alama ya kidole changu kwenye atlasi, katikati ya bahari, kama kisiwa kipya. Akasema tope na vitabu havijawahi kuwa mashemeji. Akasema msimu huu wa mvua ana sheria moja tu: madoa matatu, na ufunguo wa maktaba unahamia kwa msaidizi wangu.

Niandike jambo hili wazi, nisije nikalisahau. Ufunguo ni mmoja tu. Wa pili ulipotea enzi za mwalimu aliyetangulia. Mwenye ufunguo ni mimi. Mwenye ufunguo hula chakula cha mchana ndani ya maktaba, peke yake, na kitabu. Asiye na ufunguo hula uwanjani na wanafunzi mia sita, ambako sharti uongee.

Msaidizi ni Rula. Tunamwita hivyo kwa sababu hata jina lake hulipigia mstari kwa rula. Alikuwa amesimama pale pale, mikono safi kama sahani ya mgeni. Hakusema neno. Ndivyo anavyosema.

Doa la kwanza.

Hata hivyo nashukuru. Miezi yote hii nimebeba madumu ya maji kwenye keria, safari tatu kabla ya shule. Leo mama ametoa nje kila chombo chenye mdomo. Nikamwomba madigadi yangu. Akaninyooshea kidole: ameyafunga kwa waya chini ya bati, yanapeleka maji kwenye pipa. Akasema huo ni mfereji wake, na kama nimeyakumbuka madumu niseme tu.

Madigadi yamebaki kuwa mfereji.

Jumanne, 11 Machi

Jibu nililipata nikipiga mswaki. Nailoni! Ile kubwa ambayo mjomba alikuwa akifunikia saruji. Tundu la kichwa, kamba kiunoni, basi. Kwenye kioo nilionekana kama msafiri wa mbali. Mama akasema naonekana kama friji inayohamishwa.

Mita mia tatu za kwanza: ushindi mtupu. Mvua inanitazama, hainipati. Kisha uwanja wa mpira, mahali pasipo nyumba wala mti. Upepo ukaingia kwa chini. Nailoni ikavimba. Nikahisi baiskeli ikinipa mkono wa buriani. Mtaroni!

Rula akapita. Yeye huja kwa miguu na mwavuli, kila siku, na kila siku anawahi. Hana ubunifu hata kidogo. Akasema pole. Akauliza kama nilikuwa natua au ndiyo napaa.

Balaa halikuishia hapo. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Ni ufunguo mzee, una kutu, na mfuko ulikuwa bwawa. Nilipoutoa, vidole vyote rangi ya chai. Sikuviona. Nikashika diwani ya mashairi, nikamkabidhi mwalimu mwenyewe.

Doa la pili. Mwalimu hakunigombeza. Alipumua tu. Afadhali angenigombeza.

Ila kuna ahueni: anakwenda semina, harudi hadi Ijumaa. Aliniachia agizo moja. Mvua kubwa ikija, dari huvuja pale kati ya rafu ya hadithi na meza. Nitoe beseni kabatini, niliweke chini ya ufa, nilimwage kila siku. Nikasema ndiyo mwalimu, nikatia alama ya vema kwenye daftari la zamu. Huwa natia alama kwanza. Alama ikishakuwepo, kazi yenyewe huona aibu ikajifanya.

Kisha nikaketi na kitabu cha sayansi, sura ya metali, maana kutu ndiyo adui mkubwa sasa. Kitabu kinasema kutu inahitaji maji. Basi ufunguo ukae mahali maji hayafiki! Nikaitazama baiskeli. Chini ya siti kuna bomba la fremu: tupu, la chuma, na siti ndiyo kifuniko chake. Hata jasusi hangewaza. Jioni nimeazima spana ya mjomba, nimeviringisha ufunguo kwenye leso, nimeusokomeza humo, nimerudisha siti.

Kesho nitafika na vidole vyeupe.

Jumatano, 12 Machi

Kila shimo la barabarani: kring. Shimo la kwanza nikafurahi, nikajua upo. Shimo la tano kring ikawa inatoka chini zaidi. Kufika karibu na geti ilikuwa inatoka miguuni kabisa, kwenye pedeli.

Nikafungua siti nyuma ya maktaba. Giza. Nikaingiza kidole. Kidole kifupi. Nikaingiza fimbo. Fimbo ikagusa leso, ikaisukuma mbali zaidi. Nikaigeuza baiskeli kichwa chini, nikaitikisa kama mti wa mapera. Hakuna. Ufunguo umekaa mshazari mahali fulani tumboni.

Nikageuka. Rula, na rundo la vitabu vya kurudisha. Akauliza mbona hatujafungua.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia mbao za mlango zimevimba kwa unyevu, si vizuri kulazimisha. Rula akautazama mlango. Nami nikautazama. Mlango wa maktaba ni wa chuma.

Nikasema chuma nacho huvimba, ila taratibu.

Akauliza, na beseni? Nikasema lipo, nilitia alama. Na papo hapo nikakumbuka. Nilitia alama. Beseni lenyewe sikuligusa!

Mchana mvua ikapiga hasa, ile ya kuzima sauti ya mwalimu darasani. Kila tone nililisikia likianguka kwenye rafu ya hadithi. Nilipiga hesabu: matone sitini kwa dakika, kwa saa mbili, kwa vitabu mia tatu. Mwalimu wa hisabati akanisifu kwa bidii.

Nilikula uwanjani, chini ya kibaraza. Mtu mmoja akaniuliza habari. Nikamwambia nzuri. Akaendelea kuniangalia, kana kwamba kuna kitu kingine natakiwa kufanya.

Jioni mjomba, aliyekuwa na baiskeli hii kabla yangu, ameipiga ngumi, ameipuliza, ameisikiliza kama daktari. Akasema bomba hilo lina tamaa tangu zamani, nenda kwa fundi.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda kwa fundi baiskeli mara tu baada ya kipindi cha mwisho. Foleni! Mvua imezikuta baiskeli za mji mzima kwa pamoja, breki hazishiki, cheni zimeshika kutu, na fundi ni mmoja chini ya turubai. Nikawa wa thelathini na moja. Mwalimu anarudi kesho. Mvua inanyesha.

Sipendi uongo, lakini hali ilikuwa ya dharura. Nikapenya hadi mbele, nikamnong'oneza fundi kwamba ndani ya baiskeli yangu kuna dawa ya mgonjwa. Fundi hakunyanyua hata kichwa. Akasema kwa sauti ya mnada kwamba tangu mvua irudi kila mwenye baiskeli ana mgonjwa, mji mzima uko mahututi, na mimi nirudi nyuma. Watu wakacheka. Nikarudi. Nafasi yangu ilikuwa imekwenda. Wa thelathini na tatu!

Ndipo nikauona mwavuli wa Rula. Alikuwa amenifuata kutoka shuleni. Akapita foleni nzima, akamwamkia fundi shikamoo, akasema kama anayesoma ubao: baiskeli ya huyu kaka imemeza ufunguo wa maktaba, mwalimu anarudi kesho, na mvua inavuja kwenye vitabu.

Nikatamani lile bomba linimeze na mimi.

Kisha kicheko kikaanzia mbele kikaja hadi nyuma kama moto wa majani makavu. Bibi mmoja mwenye tairi begani akasema jamani pisheni, tangu azaliwe hajaona baiskeli ikipasuliwa tumbo. Wakapisha! Wote! Walionicheka nilipopenya, sasa wananisukuma mbele.

Fundi akatoa pedeli, akatoa ekseli, akagonga mara mbili. Kikatoka kikombe kizima cha maji ya kahawia. (Mahali maji hayafiki!) Ikatoka leso. Kikatoka kifungo cha shati, ambacho mjomba amekitafuta tangu kabla sijazaliwa. Kisha, kling, ufunguo. Watu wakapiga makofi. Nikaketi kwenye tope bila kujali.

Fundi akarudishia kila kitu, na raba mpya za breki juu. Rula akapanda keria, akafungua mwavuli juu yetu wote wawili, nikakanyaga pedeli. Safari tamu kuliko zote za mwaka huu! Kavu kabisa mgongoni. Nilijiuliza kwa nini, hadi tulipofika na Rula akageuka. Mstari wa tope, kutoka kiunoni hadi kisogoni, wake. Nikamwomba samahani mara nne. Akasema sasa ameuelewa mradi wangu wa Januari.

Nikafungua mlango. (Haukuwa umevimba.) Nikafumba macho, nikaingia, nikayafumbua.

Sakafu kavu. Rafu kavu. Chini ya ufa, beseni, limejaa hadi mdomoni, na tone jingine linaning'inia darini likisubiri zamu yake.

Niliketi sakafuni. Nikauliza nani kaliweka. Rula akasema yeye, Jumanne mchana, nilipokuwa nimezama kwenye metali. Lakini kwa mvua ya jana na leo alijua halitafika kesho bila kumwagika, ndiyo maana akanifuata. Akafungua daftari la zamu anionyeshe. Kila alama yangu ya vema ina nukta ndogo ya penseli pembeni. Nukta ni kazi alizozifanya yeye. Nikafungua kurasa za nyuma. Nukta zimeanza Oktoba.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia jana kwamba beseni lipo. Akasema sikumuuliza, nilikuwa na kazi ya kumweleza chuma kinavyovimba.

Nikataka kupanga vile vitabu vya kurudisha, alivyokuja navyo mkobani. Akanizuia mkono kwa rula. Mikono yangu ilikuwa na grisi hadi viwikoni. Tukabeba beseni, huyu huku na huyu kule, tukamwaga nje. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu karudi. Akakagua rafu, akakagua dari, akafurahi. Kisha akafungua daftari la zamu. Juu ya ukurasa: dole gumba la tope, kubwa, safi, na mistari yake yote.

Akauliza la nani.

Lilikuwa la Rula, la jana, aliponionyesha nukta. Yeye! Mwenye mikono ya sahani! Nami nikasikia sauti ikisema ni langu, mwalimu. Ilikuwa sauti yangu. Doa la tatu. Niliona uwanja, niliona wanafunzi mia sita, wote wananiuliza habari.

Rula akasema si kweli, ni lake. Mwalimu akatuambia tulete madole gumba yetu. Akayalinganisha kwa zamu kama polisi. Akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza, na hizi nukta ni za nini? Rula akatazama dirishani. Nikamweleza mimi. Nukta, beseni, bomba, mlango wa mbao ambao ni wa chuma. Yote. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi kama baiskeli isiyo na madigadi.

Mwalimu akasema kosa ni lake pia, kuacha maktaba nzima ining'inie kwenye ufunguo mmoja. Akautuma kwa mchonga funguo. Kuanzia sasa kila mmoja wetu ana wake, kazi ni kwa zamu, na chakula cha mchana ni maktaba kwa wote wawili.

Nilidhani hilo lingekuwa mateso. Rula aliingia, akaketi, akafungua kitabu, hakusema neno kwa saa nzima. Sijawahi kupata mazungumzo mazuri kama yale.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya taratibu tangu alfajiri. Pipa limejaa. Nimelala hadi saa mbili bila dumu hata moja! Mjomba kapokea kifungo chake. Shati lenyewe halipo tena.

Rula ameufunga ufunguo wake kwa utepe, anauvaa shingoni. Njia ya kawaida mno. Ufunguo ukivaliwa hivyo kila mtu anajua ulipo.

Mimi nimefikiri zaidi. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa bomba pana mno. Leo nikifuta usukani nimegundua kwamba nao ni mtupu ndani, mwembamba zaidi, na umezibwa raba pande zote mbili. Ufunguo umeingia vizuri sana. Umeingia hata zaidi kidogo ya nilivyousukuma.

Daftari la zamu nimekuja nalo nyumbani, kulifuta tope. Nimejaza wiki ijayo yote. Jumatatu, mstari wa kwanza: ufunguo uko salama.

Nimeshatia alama ya vema.