Nchi Nzima kwenye Shuka Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka themanini na moja. Nimewazidi umri wakoloni, kaptura zao nilizozipiga pasi nikiwa kijana, marais kadhaa, na meno yangu yote isipokuwa matatu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule nilikaa miaka miwili. Wa tatu mwalimu akaona inatosha.

Habari nzito! Mjukuu wangu, yule ninayemwita mke wangu, analeta mchumba Jumapili. Mtu wa ng'ambo. Kaniambia kwenye simu: Babu, akiipenda nchi tutakaa hapa, asipoipenda tutakwenda kwao. Kwao! Bahari juu ya bahari! Kwa umri huu nitamwona lini tena?

Mwanangu kaamua jirani yetu, gadi mstaafu wa treni, ndiye amweleze mgeni habari za nchi. Eti kaizunguka yote. Gadi hukaa behewa la mwisho! Nchi kaiona mgongo tu, ikishapita! Nikasema nitaeleza mimi. Mwanangu kanijibu, Baba, wewe hujavuka hata daraja la mto. Nikamwambia mimi ni dobi. Nchi nzima imepita mikononi mwangu, tena ikiwa chafu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mbinu. Ramani! Ya ukuta mzima. Shuka jeupe nimelitoa kabatini, mkaa ninao wa pasi. Nikaenda kwa gadi, nikasingizia kuomba chumvi, nikamuuliza upana wa nchi. Kasema treni hulala njiani mara tatu. Nikamwambia labda ya kwake.

Nikaanzia kusini. Nimeimwagia milima, misitu, mashamba. Watu wa nchi hii ni wengi mno. Nukta moja, watu milioni. Mkono ukafa ganzi! Mji wetu nimeuweka katikati, mkubwa kama sinia. Kuinua kichwa, shuka limekwisha. Kaskazini haina pa kukaa. Nimeiacha. Kule ni mchanga tu. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Mke wa mwanangu amejua. Kwao ni kaskazini. Na shuka, kumbe, lilikuwa la harusi yake. Akalikagua kwa adabu, na adabu yake ndiyo ninayoiogopa. Akaniuliza, Baba, mimi nilizaliwa hewani? Nikajitetea kwamba shuka lilikuwa fupi. Mchana kanipakulia nusu sahani. Nikauliza nusu nyingine iko wapi. Akasema sahani ilikuwa fupi.

Gadi kachungulia dirishani, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti hata mkoloni alichora mipaka yetu bila kufika, ila yeye angalau alikuwa na rula! Nikamjibu, rula yake ilipasua nyumba za watu, jiko huku, kitanda kule. Mstari wangu unapinda kwa huruma. Kaondoka dirishani. Nimeshinda! Chakula bado nusu.

Jumapili, 9 Machi
Mgeni kafika. Mrefu, kagonga kichwa mlangoni. Lugha yetu anaiongea kwa kuchechemea, lakini hachoki. Shikamoo yake ilinifikia kabla sijamaliza kukunja uso. Nikamwambia ananiibia mke. Akajibu, Babu, tutasaidiana kumlea. Si mjinga.

Nikatundika shuka. Nikaeleza: hapa tulitawaliwa, hapa tukagoma, bendera yao ikashuka, yetu ikapanda, nami nilikuwepo (nyuma ya mti, lakini nilikuwepo). Mgeni akanyoosha kidole. Na juu ya mji je, kuna nini? Nikakohoa. Gadi akakohoa zaidi, kwa raha.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akainuka. Akaleta foronya, pacha wa shuka lile lile, akaibana juu kwa pini. Tupu, nyeupe. Akasema, hapa ni kwetu, Baba hajafika. Akaanza kueleza mito inayokauka na kurudi, na mama yake anayegombeza kwa lugha tatu bila kumeza mate. Gadi akadakia na stesheni zake. Mwanangu akadakia. Kelele! Kila mtu na nchi yake! Nikajua basi, mgeni anakimbia na mke wangu.

Mgeni akashika pindo la foronya. Kasema anataka kuanzia hapo patupu, halafu kwingine kote, na kwa mwendo wa treni alioambiwa, itamchukua miaka.

Wanakaa! Mjukuu kanikumbatia mpaka fimbo ikaanguka.

Jumatatu, 10 Machi
Sahani nzima leo. Wote wanamsifu mkwe. Hawaoni? Ningeichora kaskazini, mgeni angetamani nini? Nilipanga yote!

Wanasafiri Alhamisi, gadi anawaongoza. Wamenibembeleza niende. Niende wapi? Nchi naijua.

Mgeni kauliza pia habari za nchi jirani. Basi nachora bara zima. Kabati mkwe kalitia kufuli. Lakini pazia la sebuleni ni jeupe, na halina mlinzi. Safari hii naanzia kaskazini. Kusini ikikosa nafasi, wataelewa.

Anayebisha amuulize gadi, ingawa ni mwongo. Au amuulize mkwe wangu. Ila habari za pazia asizitaje.