Kitabu cha Saba cha Mirihi

Alhamisi, 30 Julai 1981
Kimepatikana! Kitabu cha saba. Jalada jekundu, picha za rangi, kila picha na karatasi yake nyepesi ya kuifunika. Mjane wa karani mmoja wa reli ametoa sanduku zima la vitabu kwa mnada wa Sikukuu ya Mavuno, kanisani kwetu hapa Kaloleni. Na mimi ndiye katibu wa kamati. Mungu hamtupi mja wake.

Sita vya kwanza ninavyo, chini ya kitanda. Vyote ni habari za nahodha aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi. Baba alivinunua vyote saba kwa karani Mgoa aliyekuwa akihama. Alikuwa akinisomea kwa Kiingereza na kunieleza kwa Kikamba. Cha saba alimwazima rafiki yake kabla hatujakifikia. Kila alipotuma mtu kukiulizia, jibu lilikuwa lile lile: bado anakisoma. Baba amekufa hajui kama nahodha alirudi kwao. Mimi pia sijui. Rafiki yule nimemlaani maisha yangu yote.

Adui ni Gichuru wa Buruburu. Ana kabati la vioo la vitabu hivi hivi. Naye amekosa cha saba tu.

Jumamosi, 1 Agosti
Nimekwenda kupanga vitu vya mnada. Kitabu nimekifunika kwa karatasi ya kaki, kama vya watoto wa shule. Juu nimeandika: KANUNI ZA MIFEREJI YA MAJI MACHAFU, SEHEMU YA PILI. Nani atashindania mifereji? Nikakiweka kati ya kabeji na mtungi wenye ufa. Mama Wayua, mwenyekiti wetu, akaniuliza kama nina homa, mbona najichekea. Nikasema ni furaha ya mavuno.

Jumapili, 2 Agosti
Aibu. Natamani kuhama mtaa.

Mama Wayua alipokiinua, watu walicheka. Nikataja bei ya mayai matatu. Hakuna aliyeongeza. Gichuru alikuwa akipiga miayo. Kikawa changu, nikakishika mkononi kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini.

Ndipo Mama Wayua akanikumbusha kanuni. Mwanakamati akinunua kitu, hukirudisha kwa Bwana kiuzwe tena. Kanuni hiyo niliileta mimi mwaka jana, kwa sababu shemasi Mativo alikuwa haondoki bila kuku mnono kuliko wote. Nikajitetea kwamba hiki ni kitabu tu. Akasema hata kuku wa Mativo alikuwa kuku tu. Akina mama wakaanza kuimba na kupiga makofi, wala hawakukoma hadi nilipokirudisha. Mativo aliimba kuwashinda wote.

Gichuru alikuwa ameacha miayo. Alikuwa ameniona nikipangusa machozi kwa ajili ya mifereji. Akapandisha bei, nikapandisha, tukafika bei ya mbuzi. Nilishindwa. Yeye si mwanakamati, akaenda nacho. Sikula chakula cha jioni.

Jumatano, 5 Agosti
Mbeti, mke wangu, amekutana sokoni na Wacuka wa Gichuru. Eti mumewe anasema niende Jumapili, chai ipo, tukisome pamoja. Nimesema siwezi kusomea kitabu changu kwenye kiti cha mtu. Mbeti akasema huo ni ujinga uliovaa tai.

Baba angekwenda. Hata akiwa mgonjwa, angekwenda kwa miguu. Wazo hilo limenichoma mchana kutwa.

Nimemwandikia Gichuru barua kumweleza habari za Baba. Kila neno ni kweli. Ni nia tu iliyokuwa na kona.

Jumamosi, 8 Agosti
Gichuru amekileta mwenyewe. Hakutaka hata kuketi. Amesema nikisome kwanza mimi, kwa ajili ya marehemu mzee. Yeye amebakiza kurasa thelathini, atangoja hadi wiki ijayo. Nimeona haya kwa dakika kama tano.

Nimekisoma chote bila kuinuka. Nahodha alirudi. Nimelia. Kisha nikamsimulia Baba kwa Kikamba, polepole, mlango umefungwa. Mbeti alijifanya hasikii.

Jumapili, 30 Agosti
Vitabu saba chini ya kitanda. Mbeti anasema sasa tunalala juu ya Mirihi nzima. Cha saba nimekifunika kaki mpya, kichwa kipya: MAGONJWA YA KWATO ZA NG'OMBE. Hata polisi hawezi kukitambua. Nimewaza tena juu ya yule rafiki wa Baba, nikamlaani. Kuna watu wasio na utu.

Gichuru amekuja leo mara ya tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kazini, ya pili nilikuwa naoga. Leo nimemsikia mlangoni, kwa upole kabisa, akimwambia Mbeti kwamba kitabu kinaweza kungoja. Anaomba aambiwe jambo moja tu, kama nahodha alirudi kwao.

Mbeti akaja chumbani kuniuliza amjibu nini. Nikamwambia amwambie bado ninakisoma.